Namba Zilipungua, Miti Imesimama: Uchambuzi wa Kisa cha Ploti za Kudumu katika Msitu wa Mlimani

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinatoka katika msitu wa hifadhi mashariki mwa Tanzania. Jina la msitu, la kijiji, la taasisi na la kila mtu limeondolewa. Takwimu za ploti nazo zimeachwa, kwa sababu zingeutambulisha mradi. Kilichobaki ni mfuatano wa mambo na sababu za kila uamuzi. Niliufuatilia mradi huu kwa karibu, hasa upande wa data, na ninauandikia wanafunzi wa misitu na ikolojia, maofisa wa hifadhi, na wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji ambao kila baada ya miaka kadhaa huletewa wageni wenye futi na madaftari.

Mtafiti mkuu nitamwita Daktari, maana ndivyo alivyoitwa kijijini. Mtambuzi wa miti, mkulima mwenye umri mkubwa aliyezaliwa kando ya msitu, nitamwita Mzee.

Swali la kisa ni hili: namba za msitu zikibadilika kwenye karatasi, mwanaikolojia atajuaje kwamba kilichobadilika ni msitu?

Usuli

Milima ya Tao la Mashariki ina safu 13, kuanzia Vilima vya Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge nchini Tanzania. Unyevu wake hutoka Bahari ya Hindi. Ndiyo maana misitu yake imedumu kwa muda mrefu sana, na ina mimea na wanyama wengi wasiopatikana penginepo duniani. Misitu hiyo pia ndiyo chanzo cha mito inayonywesha miji na mashamba ya tambarare. Mabadiliko ya mvua na joto katika milima hii yanawagusa watu wengi ambao hawajawahi kuukanyaga msitu wenyewe.

Kujua msitu unaitikiaje mabadiliko ya tabianchi, chombo kikuu ni ploti ya kudumu. Unapima hekta moja, unaweka vigingi pembeni, kisha kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 na zaidi unagongewa kibao cha aluminiamu chenye namba. Kipenyo hupimwa usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Baada ya miaka kama mitano timu inarudi na kupima miti ileile. Iliyokua inaandikwa, iliyokufa inaandikwa, na michanga iliyofikia sentimita 10 inapewa namba mpya. Kutokana na kipenyo, urefu na uzito wa ubao wa kila jamii ya mti, hukadiriwa uzito mkavu wa mti, na karibu nusu ya uzito huo ni kaboni.

Kazi hii ya kuchosha ndiyo iliyotupatia mengi tunayoyajua. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa ploti 79 za misitu ya Afrika. Ulionyesha kwamba kati ya 1968 na 2007 misitu hiyo ilikuwa ikiongeza wastani wa tani 0.63 za kaboni kwa hekta kila mwaka. Mwaka 2020 utafiti mkubwa zaidi, wa ploti 244 katika nchi 11 za Afrika, ulikuta kwamba ongezeko hilo lilidumu bila kupungua kwa miongo mitatu hadi 2015, wakati la Amazon lilikuwa limekwisha kuanza kushuka. Hata hivyo, ploti za Afrika zilizofuatiliwa kwa karibu zaidi zilionyesha dalili kwamba vifo vya miti vimeanza kuongezeka tangu takriban 2010. Mwaka uliofuata, utafiti wa misitu ya milimani katika nchi 12 za Afrika ulipata wastani wa tani 149.4 za kaboni kwa hekta, kiasi kikubwa kuliko makadirio yaliyokuwa yakitumika kimataifa kwa misitu ya aina hiyo.

Daktari alirithi ploti zake katika mazingira hayo. Dunia ilikuwa ikisubiri kusikia kama misitu ya milima ya Afrika Mashariki nayo imeanza kuchoka. Ploti zilikuwa zimepimwa mara mbili na timu mbili tofauti kabla yake. Nyingine zilikuwa bondeni, nyingine kwenye mteremko, nyingine mgongoni mwa mlima ambako udongo ni mwembamba. Yeye aliongoza kipimo cha tatu.

Yaliyotokea

Kipimo cha tatu kilikwenda vizuri. Vibali vilikuwepo, timu ilikuwa na watu waliozoea msitu, na Mzee, aliyeshiriki vipimo vyote viwili vya awali, alikubali kuja tena. Mshangao ulianza data ilipoingizwa kwenye kompyuta na kulinganishwa na ya awamu zilizotangulia.

Uzito wa msitu ulikuwa umeshuka, na sana. Orodha ya miti mikubwa iliyohesabiwa imekufa ilikuwa ndefu kuliko mtu yeyote katika timu alivyotarajia. Juu ya hayo, kulikuwa na miti mingi iliyo hai ambayo kipenyo chake kilionekana kupungua, si kwa milimita, bali kwa sentimita kadhaa.

Maelezo yaliyokuja haraka yalikuwa ukame. Kati ya kipimo cha pili na cha tatu ilipita vuli ya 2016, ambayo mvua zake zilikuwa haba katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mti wenye kiu kali unaweza kusinyaa kidogo. Miti mikubwa, ambayo hulazimika kupandisha maji mbali na kupokea jua kali kileleni, mara nyingi huumia zaidi wakati wa ukame. Mchoro ukatengenezwa, ukaonyeshwa kwenye mkutano wa ndani, na ikisiri ya kuwasilisha kwenye kongamano ikaanza kuandikwa. Wafadhili waliposikia, waliuliza lini makala itatoka.

Wa kwanza kusita alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili aliyekuwa akiingiza data. Aliona mambo mawili. La kwanza, miti "iliyopungua" karibu yote ilikuwa ya zile jamii zenye mabawa ya mizizi shinani, yaani mizizi inayotanuka kama kuta kuzunguka shina. La pili, na hili ndilo lililomzuia Daktari, vifo vingi vilikuwa katika ploti za bondeni, karibu na njia. Ploti za mgongoni zilikuwa na vifo vichache kuliko hizo.

Hapo ndipo kisa kinapogeuka, na ningependa msomaji akae nalo kidogo. Bondeni udongo una kina na maji yanakaa. Mgongoni udongo ni mwembamba, jua na upepo ni vikali, na maji hukauka mapema. Ukame ukiingia msitu wa mlimani, unatarajia kuukuta mgongoni kabla ya kuukuta bondeni. Ramani ya vifo ilikuwa imegeuzwa kichwa chini. Kitu kingine kilikuwa kimefanya kazi pale, au ukame ulikuwa umefanya kazi kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuieleza.

Daktari alisimamisha ikisiri na kurudi msituni na timu ndogo. Alibeba nakala za madaftari ya uwandani ya awamu zote. Faili za kompyuta aliziacha ofisini.

Katika ploti ya kwanza ya bondeni walifika mahali ambapo, kwa mujibu wa orodha, palitakiwa pawe na mti mkubwa uliokufa. Mzee aliugusa mti uliokuwa mbele yao.

"Mwanangu, huu mmeuandika umekufa?"

"Ndivyo daftari linavyosema, Mzee. Hatukukuta namba yake."

"Basi haujafa. Ndio huuhuu. Msumari umemezwa na gome. Tazama hapa."

Walikuna gome kwa ncha ya panga na kukuta ukingo wa kibao ndani yake. Mti ulikuwa hai, majani yamejaa. Timu ya awamu ya tatu ilikuwa imeukuta hauna namba, ikaupa namba mpya kama mti ulioingia, na namba ya zamani ikahesabiwa imekufa. Mti mmoja ukawa kifo kimoja na uzao mmoja kwa wakati mmoja.

Siku zilizofuata walitafuta kila mti wa orodha, mmoja mmoja, kwa kutumia vipimo vya mahali pake ndani ya ploti na majirani zake. Waliigawa kwa makundi: ulio hai na namba imepotea, uliokufa umesimama, uliovunjika, uliong'oka na mizizi, uliokatwa, na usioonekana kabisa. Hilo la mwisho lilikuwa tatizo la kweli. Katika msitu wenye unyevu, gogo la ubao laini huoza na kupotea ndani ya miaka michache, na hakuna wa kukuambia lilikufa vipi.

Kundi la miti iliyokatwa lilikuwa kubwa kuliko walivyofikiri. Visiki vilikuwa vimefunikwa na majani na matawi, na karibu na vingine kulikuwa na masalia ya mashimo ya kupasulia mbao. Vyote vilikuwa bondeni, umbali mfupi kutoka njia.

Na miti "iliyosinyaa"? Jibu lilikuwa kwenye madaftari. Kulikuwa na safu ya kuandika futi ilipita kimo gani kwenye kila mti. Timu ya kwanza iliijaza mara chache. Ilipojazwa, ilionyesha kwamba miti yenye mabawa ilizungushiwa futi chini sana, juu ya mabawa yenyewe. Timu ya tatu ilifuata kanuni ya kisasa, yaani kupanda ngazi na kupima nusu mita juu ya mahali mabawa yanapokoma. Data ilipohamishiwa kwenye kompyuta miaka mingi iliyopita, safu hiyo ya kimo haikuhamishwa.

Kwa anayeona hili ni dogo, tufanye hesabu. Chukua mti ambao futi ikizungushwa kwenye mabawa inasoma kipenyo cha sentimita 90, na ikizungushwa juu ya mabawa inasoma 70. Uzito wa mti hupanda haraka kuliko kipenyo, takriban kwa kipeo cha 2.5. Ukihama kutoka 90 hadi 70, umeufanya mti upoteze karibu nusu ya uzito wake kwenye karatasi, nao haujaangusha hata tawi. Miti michache ya namna hiyo katika hekta moja inatosha kuzalisha "ukame" mzima, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa msitu imebebwa na miti michache mikubwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, kusimamisha ikisiri, ulikuwa na gharama. Nafasi ya kongamano ilipotea, na mazungumzo ya kuongezewa fedha yakapoa. Daktari aliwaambia wafadhili waziwazi kwamba hana matokeo bado, na akawaeleza kwa nini. Sababu yake ilikuwa moja: matokeo yakishatangazwa kuwa "msitu unakufa kwa ukame", hakuna atakayerudi kusoma sahihisho. Kijiji, serikali ya wilaya na wanahabari wangebaki na sentensi ya kwanza.

Uamuzi wa pili ulihusu namna ya kuirekebisha data. Njia rahisi ilikuwa kufuta miti yote yenye mabawa. Aliikataa, kwa sababu hiyo ndiyo miti mikubwa, na msitu usio na miti yake mikubwa si msitu huo tena. Badala yake kila mti wenye shaka ulipimwa mara mbili siku hiyohiyo, kwenye kimo cha zamani kama kilijulikana na kwenye kimo kipya. Uwiano wa vipimo hivyo viwili ulitumika kusahihisha vya zamani. Mti ambao kimo chake cha zamani hakikujulikana haukutumika kukadiria ukuaji. Ulipewa ukuaji wa kati wa miti ya ukubwa wake katika ploti ileile, na ukawekewa alama kwenye data ili yeyote atakayekuja ajue. Kisha kila mti ukachorwa mstari wa rangi mahali futi ilipopita.

Uamuzi wa tatu ndio uliowagawa watu wa timu. Visiki. Sheria za hifadhi zinataka uvunaji haramu uripotiwe. Kwa upande mwingine, timu ilikuwa imeingia msituni kwa ridhaa ya kijiji, ikiongozwa na Mzee, na si vigumu kukisia kwamba waliopasua mbao zile walikuwa wakifahamika kijijini. Mmoja katika timu alitaka viratibu vya kila kisiki, yaani namba zinazoonyesha mahali kilipo, vikabidhiwe hifadhi mara moja. Mwingine alitaka visiki visitajwe kabisa, viingie tu kwenye hesabu ya "vifo".

Daktari alikataa yote mawili. Kuvificha ndani ya vifo kungeupotosha utafiti na kuupa ukame lawama isiyo yake. Kukabidhi viratibu bila neno kwa kijiji kungevunja uaminifu ambao bila huo hakuna ploti itakayopimwa tena. Alikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na kamati ya maliasili, akawaeleza idadi na eneo kwa ujumla, na akawaambia kwamba taarifa hiyohiyo ataipeleka hifadhini. Kisha akaipeleka. Hakuuliza nani alikata, na aliiambia timu isiulize. Katika uchambuzi, miti iliyokatwa ilitengwa, na hesabu zote zikafanywa mara mbili, pamoja nayo na bila hiyo.

Mzee hakufurahi. Kwa muda alisema haji tena msituni, kwa kuwa watu wangedhani yeye ndiye aliyewaonyesha wageni visiki. Alirudi baada ya kamati yenyewe kutamka mkutanoni kwamba taarifa ilitoka kwenye vipimo, si kwa mtu.

Kulikuwa na uamuzi wa nne, mdogo: kuchukua sampuli za majani na matunda ya jamii zilizokuwa na jina moja la kienyeji lakini zilionekana kuwa miti miwili tofauti. Uzito wa ubao hutofautiana sana kati ya jamii na jamii, kwa hiyo jina likikosewa kaboni nayo inakosewa. Sampuli zilikwenda hebariamu, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, na majina machache yakarekebishwa.

Matokeo

Baada ya kusahihisha vimo, kurudisha miti iliyohesabiwa imekufa ilhali iko hai, na kutenga iliyokatwa, mporomoko wa bondeni uliisha karibu wote. Ploti za mteremko zilionyesha msitu unaokua polepole, jambo linalolingana na yanayojulikana kuhusu misitu mingine ya Afrika.

Ploti za mgongoni zilibaki na kitu. Vifo vyake havikuwa vingi, lakini vilikuwa vya namna moja kuliko kwingine: miti imekufa imesimama, haikuvunjika, haikung'oka, haikuguswa na shoka. Kifo cha kusimama kinaweza kuletwa na kiu, na kinaweza pia kuletwa na ugonjwa au uzee. Lakini kilikuwa mahali ambapo ukame ungetarajiwa kuonekana, na kilikuwa kimefichwa kabisa na kelele za bondeni.

Makala iliyotoka hatimaye ilihusu vipimo na uvunaji, na ukame ulipewa sehemu moja yenye tahadhari. Ploti za mgongoni ziliwekewa mikanda ya chuma inayopima unene wa shina mwaka mzima, na vipimajoto chini ya kivuli cha miti, kwa kuwa kituo cha hali ya hewa kilicho mahali pa wazi hakisemi joto la ndani ya msitu. Timu ndogo ya kijiji sasa hupita ploti zote mara moja kila mwaka baada ya masika. Inaandika tu nani amekufa na amekufaje. Kamati ya maliasili ilitumia idadi ya visiki kuomba doria kwenye ile njia ya bondeni.

Uchambuzi

Lililookoa kazi hii ni mpangilio wa ploti. Kama zote zingekuwa bondeni, mporomoko ungeonekana wa kweli na usingekuwa na cha kuupinga. Kwa kuwa zilipangwa bondeni, mteremkoni na mgongoni, ukame ulikuwa na mahali pa kujithibitisha, nao ukashindwa. Wanaopanga mtandao wa ploti mara nyingi hufuata urahisi wa kufika. Urahisi huo huwaleta pia wapasua mbao, na ploti zilizo karibu na njia peke yake zitapima shoka na kuita tabianchi.

La pili ni madaftari. Kompyuta ilikuwa na data safi iliyopoteza safu moja. Madaftari yalikuwa na matope, maandishi ya haraka na alama za mvua, lakini yalikuwa na ile safu. Hata hivyo yalipatikana kwa shida. Timu ya kwanza iliondoka nayo nchini, na nakala ziliombwa kwa barua nyingi. Naona hili ni kosa kubwa kuliko futi iliyozungushwa vibaya. Data ya msitu wa Tanzania ambayo asili yake haiko Tanzania inamwacha mtafiti wa nchini akitegemea hisani. Nakala ya kila daftari ibaki katika taasisi ya ndani kabla timu haijapanda gari.

Kanuni ya kupima juu ya mabawa ni nzuri, na timu ya tatu ilikuwa sahihi kuifuata. Ilichokosa ni kipindi cha kupima kwa njia zote mbili. Yeyote anayebadilisha chombo, kimo au kanuni katika vipimo vya muda mrefu hana budi kutumia njia ya zamani na mpya pamoja angalau mara moja. Bila hivyo anaukata uzi na kuuacha wazi, na mtafiti anayefuata ataukanyaga. Mstari wa rangi kwenye gome ungezuia sehemu kubwa ya mkasa huu, nao ni wa gharama ndogo sana.

Sasa Mzee. Kisa hiki kingeweza kusimuliwa kana kwamba yeye ni bahati njema ya mradi, mtu mwenye kumbukumbu ya ajabu aliyetokea pale. Sivyo. Alikuwa mtu pekee aliyekuwepo katika vipimo vyote vitatu. Watafiti walibadilika, wanafunzi walihitimu, wafadhili walikuja na kwenda, yeye akabaki. Lakini katika kila awamu aliajiriwa kama kibarua wa siku, bila mkataba, bila jina lake katika ripoti, na bila mtu wa kumrithisha anayoyajua. Mradi uliweka sehemu muhimu ya kumbukumbu yake kwa mtu ambaye haukumhesabu kuwa sehemu yake. Matembezi ya kila mwaka baada ya masika yamerekebisha jambo hili kwa kiasi: vijana wawili wa kijiji wanajifunza kwake, na wanalipwa kwa mkataba. Hilo lilipaswa kuwepo tangu kigingi cha kwanza.

Kuhusu visiki, naona Daktari aliamua vema, ingawa kwa kuchelewa. Kanuni ya nini timu itafanya ikikuta uvunaji haramu ingewekwa mezani mbele ya kijiji na hifadhi siku ya kwanza, kabla mtu yeyote hajakuta chochote, Mzee asingewekwa mahali pa kutuhumiwa. Kukubaliana mapema kunampa kila mmoja nafasi ya kukataa kabla hajaingia. Wapo watakaosema mtafiti hana kazi ya kujadiliana juu ya sheria. Sheria haikujadiliwa hapa. Kilichohitaji makubaliano ni nani ataambiwa kwanza na kwa maneno gani, na hilo liko ndani ya uwezo wa mtafiti kabisa.

Kuna hatari nyingine ambayo kisa kiliikaribia, nayo haizungumzwi vya kutosha. Baada ya kugundua kwamba mporomoko wa bondeni ulikuwa wa karatasi, hali ya timu iligeuka. Watu walianza kushuku kila kitu. Mtu alipendekeza vifo vya mgongoni navyo viwekwe kando kama "kelele". Kwa muda mfupi dalili pekee iliyokuwa na uzito ilikuwa karibu itupwe pamoja na makosa. Tahadhari ikizidi nayo inapotosha. Kukuta kosa katika ploti hakufuti joto linaloongezeka, na hakubatilishi yale ambayo mamia ya ploti za Afrika na Amazon zimeonyesha. Mwanafunzi yuleyule aliyezuia ikisiri ndiye aliyeomba vifo vya mgongoni vichambuliwe peke yake, kwa namna ya kufa na kwa ukubwa wa mti. Alikuwa sahihi mara zote mbili, na kwa sababu ileile: alitazama mti uko wapi na umekufaje, kabla ya kutazama jumla.

Muda kati ya vipimo ulikuwa udhaifu uliojengwa ndani ya mradi. Mti unaweza kujeruhiwa na ukame mwaka mmoja na kufa miaka miwili au mitatu baadaye. Ukipima kila baada ya miaka mitano, unajua mti ulikufa katikati, hujui lini, na ukibaki na gogo lililooza hujui hata vipi. Kuhusisha kifo cha namna hiyo na vuli fulani ni kubahatisha. Kipimo kamili kila mwaka ni ghali na huuchosha msitu kwa kukanyagwa, lakini matembezi ya kuandika vifo pekee yanawezekana kwa watu wachache na kwa siku chache.

Yote haya yana uzito mpya sasa. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na vijiji vyenye misitu vimeanza kuingia mikataba ambayo malipo yake yanategemea tani zilizokadiriwa. Futi iliyozungushwa chini sana leo na juu zaidi baada ya miaka mitano itakionyesha kijiji kimepoteza kaboni ambayo hakijaipoteza. Ikizungushwa kinyume, itamwuzia mtu hewa. Kamati za maliasili zina haki ya kuuliza mpimaji alizungusha futi wapi, alama iko wapi kwenye gome, na daftari limebaki kwa nani.

Ploti za mgongoni bado zinafuatiliwa. Mikanda ya chuma imeanza kuonyesha miti inasimama kukua miezi gani na inaanza tena lini, na orodha ya vifo vya kila mwaka inaongezeka polepole. Mpaka ipite mizunguko zaidi ya mvua mbaya na nzuri, Daktari amekataa kuipa dalili ile jina.